Monita moja kwa konsoli na kompyuta: Gigabyte M27Q, Gigabyte M28U na LG C2 ya inchi 42

Anayenunua monita kwa ajili ya kompyuta peke yake huanza na ukubwa, bei, halafu hezi, yaani mara ngapi skrini huchora picha upya kwa sekunde. Konsoli ikiongezeka kwenye meza hiyohiyo, cha kuangalia kwanza ni matundu ya nyuma. Kompyuta hutoa picha kwa DisplayPort au HDMI, na monita nyingi za gemu zimetengenezwa ili DisplayPort ndiyo ibebe sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi. PS5, Xbox Series X na Series S zina HDMI tu. Ndiyo sababu monita ya hezi 170 inaweza kukupa hezi zote hizo kwenye kompyuta, ukachomeka konsoli ikagoma kupita 60, na bado ikawa nzima kabisa.

HDMI 2.0 inapitisha gigabiti 18 kwa sekunde. Hapo unapata 4K (pikseli 3840 kwa 2160) kwa hezi 60, au 1440p (pikseli 2560 kwa 1440) kwa hezi 144. HDMI 2.1 inaweza kufika gigabiti 48, ila neno "inaweza" ndilo la kushika. Kiwango cha 2.1 kilipochukua nafasi ya 2.0, sifa zake kubwa zilibaki za hiari, kwa hiyo tundu la gigabiti 18 linaweza kuuzwa kihalali likiwa limeandikwa 2.1. Usinunue namba. Tafuta kwenye karatasi ya vipimo mahali palipotajwa HDMI, 4K, hezi 120 na VRR (tunaieleza hapa chini) kwa pamoja. Kama hezi kubwa zimetajwa kwa DisplayPort peke yake, chukulia kwamba upande wa HDMI una kikomo chake.

VRR ni uwezo wa skrini kufuata mwendo wa mashine: fremu, yaani picha moja moja ya gemu, ikichelewa, skrini inaisubiri, na picha haikatiki katikati wala kurukaruka. Hapa PS5 na Xbox zinaachana njia. Xbox inakubali FreeSync, aina ya VRR ya AMD, ambayo monita za HDMI 2.0 nyingi tu zinayo. PS5 ilipata VRR Aprili 2022, nayo inakubali ile ya HDMI 2.1 pekee, kati ya hezi 48 na 120. Maandishi ya FreeSync kwenye boksi hayamsaidii kitu mwenye PS5.

Tuanze na M27Q ya mwanzo, kwa sababu ndiyo inayowafaa wengi na ndiyo inayowakwaza wengi. Ni inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, paneli ya IPS (aina ya skrini ya LCD), hezi 170 kwa DisplayPort, na HDMI mbili za 2.0. Kwa mwenye kompyuta ya kadi ya picha ya wastani na Xbox Series S, hatuoni sababu ya kulipa zaidi: Series S imekusudiwa 1440p, inatoa hezi 120 kwa ubora huo, na FreeSync inafanya kazi. Mwenye PS5 atapata 1440p, kwani Sony waliiongeza Septemba 2022, na hezi 120 zitakuwepo, lakini VRR hataipata. Kwenye gemu inayoshikilia fremu 60 bila kuyumba hatahisi upungufu. Kwenye gemu inayopanda na kushuka kati ya 70 na 110 atauona.

Kasoro yake ya pili haihusu konsoli. Vijipikseli vyake, vile vidoti vya rangi vinavyounda kila pikseli, vimepangwa kinyume, buluu mbele na nyekundu nyuma, wakati Windows hulainisha herufi kwa kudhani mpangilio ni wa kawaida. Matokeo yake ni kivuli chembamba cha rangi pembeni mwa maandishi. Andika cttune kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, fungua chombo cha ClearType, kisha uchague sampuli za maandishi hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya kivuli itaondoka. Programu nyingine hazifuati mpangilio huo, kwa hiyo anayeshinda akiandika au akipanga hesabu kwenye majedwali aione monita hii kwa macho kabla ya kulipa. Kwenye gemu na video kasoro haionekani.

M28U ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye PS5 au Series X na kompyuta yenye kadi ya kueleweka. Inchi 28, 4K, IPS, hezi 144 kwa DisplayPort, na HDMI mbili zinazopokea 4K kwa hezi 120. Matundu hayo mawili yana thamani kubwa: konsoli mbili zinakaa zimechomekwa, kompyuta inabaki kwenye DisplayPort, na hakuna anayeinama nyuma ya meza kung'oa waya. Pikseli zimesongamana kiasi cha 157 kwa inchi, kwa hiyo maandishi ni makali. Windows itabidi ikuzwe hadi asilimia 150, la sivyo herufi zitakuwa ndogo mno.

Angalia kadi yako kwanza. 4K kwa hezi 144 kupitia DisplayPort 1.4 inahitaji mgandamizo wa picha uitwao DSC, nao ulianza kwa Nvidia kwenye GTX 16 na RTX 20, na kwa AMD kwenye RX 5000. GTX 1080 itaishia karibu na hezi 120. Jambo kubwa zaidi ni nguvu: 4K ina pikseli mara mbili na robo ya 1440p. Kadi ya daraja la RTX 3060 haitazisukuma gemu nzito kwa 4K halisi. Itabidi uwashe DLSS au FSR, ambazo huchora picha ndogo kisha kuikuza. Msaada huo ni mzuri, na kwenye skrini hii unaonekana vizuri kuliko kushusha Windows yote hadi 1440p, kwa sababu 1440p haigawanyiki sawasawa ndani ya 4K na picha inafifia.

Kitufe cha KVM cha M28U kinasifiwa kupita kazi yake. Kinahamisha kibodi na kipanya kati ya kompyuta mbili, moja ikiwa kwenye USB-C. Anayefanya kazi na laptopu ya ofisini mchana na kucheza kwenye kompyuta yake usiku atakishukuru. Kwa konsoli hakina uzito, maana pedi haitumii waya.

LG C2 ya inchi 42 ni televisheni, lakini wachezaji wengi wanaiweka mezani, na kwa picha peke yake inazishinda hizo mbili kwa mbali. Ni OLED, yaani kila pikseli hutoa mwanga wake: nyeusi ni nyeusi kweli, na pikseli hubadilika upesi bila kuacha mkia. Ina HDMI nne, zote za 2.1, VRR ya kila aina na hezi 120. Haina DisplayPort. Hapo ndipo mwenye kadi ya zamani anapokwama: Nvidia waliweka HDMI 2.1 kuanzia RTX 30, AMD kuanzia RX 6000. Ukiwa na GTX 1660 utabaki kwenye 4K ya hezi 60, au ushuke 1440p upate 120. Mwenye laptopu naye aangalie HDMI yake ni ya toleo gani, kwani nyingi ni 2.0 hata pale kadi ya ndani ni mpya.

Usumbufu wa C2 uko kwenye matumizi ya kompyuta. Kurasa nyeupe zikijaa skrini, mwanga unashuka wenyewe kulinda paneli. Mstari wa chini wa Windows ukikaa hapohapo miezi na miezi unaweza kuacha alama ya kudumu. Uufiche, weka mandhari nyeusi, na uache televisheni kwenye umeme baada ya kuizima kwa rimoti ili ifanye usafi wake wa pikseli. Ukiizima ukutani kila usiku, kazi hiyo haifanyiki. Miguu yake haipandi wala kushuka, na ukikaa chini ya sentimita 80 shingo inazunguka kama uko safu ya mbele sinema. Kwa anayecheza saa nyingi kuliko anavyoandika, na ana meza pana, tunaichagua bila kusita. Kwa kazi ya maandishi ya kutwa, hapana.

Je, hezi 120 unazihitaji kwa konsoli? Inategemea unacheza nini. Ukicheza mpira tu, EA Sports FC 24 kwenye PS5 inaenda fremu 60, na GTA V kwenye hali yake ya kasi ni 60 vilevile. Hapo monita ya 4K yenye hezi 60 kwenye HDMI inatosha, na pesa inayobaki inunue kadi bora. Fortnite na Warzone zina hali ya 120, na tofauti inahisiwa mkononi. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: Ratchet & Clank: Rift Apart ina hali ya fremu 40 yenye ubora wa juu wa picha, nayo hufunguka tu kwenye skrini ya hezi 120, kwa sababu 40 inaingia ndani ya 120 mara tatu kamili na haiingii sawa ndani ya 60.

Alama ya DisplayHDR 400, ya HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza), ambayo M28U inayo, isikuongezee hata shilingi. Inadai mwangaza wa kandela 400 na hailazimishi taa za nyuma kuzimika kwa sehemu, kwa hiyo usiku ndani ya gemu unageuka kijivu. Zima HDR kwenye konsoli ukiwa na monita ya namna hii, rangi zitatulia. Kwenye C2 iwashe, na uchague hali ya HGiG, inayoiachia konsoli kupanga mwanga, kabla ya kurekebisha HDR ndani ya PS5.

Kuna mpangilio mmoja unaoharibu picha ya konsoli kwenye monita nzuri kabisa: kasi ya pikseli, inayoandikwa Overdrive kwenye menyu. Kiwango kinachofaa kwa hezi 144 huwa kikali mno kwa hezi 60. Kitu kikikimbia, nyuma yake hutokea kivuli cheupe au cha zambarau. Shusha hatua moja unapocheza konsoli, na uhifadhi mipangilio miwili tofauti. Nyeusi zikionekana zimepauka, au giza likimeza kila kitu, linganisha upana wa RGB, yaani masafa kati ya nyeusi na nyeupe: konsoli na monita zote ziwe kamili au zote ziwe finyu. Kwenye kompyuta, ingia mipangilio ya skrini ya Windows uchague hezi mwenyewe, kwani mara nyingi inaanza na 60 na watu hukaa nayo mwaka mzima.

Waya uliokuja na PS5 au Series X unatosha, utumie huo. Ukinunua mwingine, uwe na lebo ya Ultra High Speed yenye msimbo wa kuskani, na usizidi mita 3. Skrini ikizima sekunde moja na kurudi, au vidoti vikimetameta kwenye 4K ya hezi 120, badilisha waya kabla ya kuilaumu monita.

Sauti husahaulika. PS5 na Series X hazina tundu la optiki, kwa hiyo spika za mezani zinachomekwa kwenye tundu la vipokea sauti la monita. M27Q na M28U wanalo. Spika zao za ndani ni za dharura tu.

Ukinunua Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, omba ijaribiwe dukani. Ikiwezekana beba konsoli yako na waya wake, kisha ufungue ukurasa wa PS5 wa taarifa za picha uone kama umeandikwa 3840 kwa 2160 na 120Hz, na kama VRR inakubalika. Weka rangi moja skrini nzima, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, utafute pikseli zilizokufa. Ikiwa ni C2 iliyotumika, rangi ya kijivu ndiyo itakayoonyesha alama zilizoungua, hasa nembo ya chaneli kwenye kona ya juu. Nyumbani iwekee kilinda umeme chenye kuchelewesha kurudi kwa moto baada ya kukatika.