MikroTik hAP ax2 ofisini: rauta nzuri ila si ya kuchomeka tu ukaenda zako

Ofisi yetu ya kliaringi iko Moi Avenue, watu sita, na programu ya mahesabu imekaa kwa kompyuta moja tu. Mimi naishi Likoni. Kila mwisho wa mwezi ilikua lazima nivuke feri Jumapili kwenda kufanya kazi ya nusu saa, mwisho nkasema basi, tununue rauta ya maana tuingie ofisini tukiwa nyumbani.

Tukachukua hii. Ndogo, poti tano za gigabiti, waifai 6, na haijaganda hata siku moja, ile ya zamani kila mchana lazima mtu ainuke aizime aiwashe. Hapo sina neno. Kasheshe ni kuiseti, ukifungua 192.168.88.1 kwa brauza (ukurasa wa mipangilio ya rauta) unakutana na menyu ndeefu kama foleni ya malori Changamwe, mi kompyuta naijua kiasi lakini nilifunga nkaenda kutafuta kahawa.

Tukaita fundi. Akafungua poti 3389 (mlango wa Remote Desktop, wa kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali) kwa dunia nzima, akachukua chake akaondoka, nafika nyumbani najaribu, wapi, haingii. Na afadhali haikuingia! Hiyo poti ndo wezi wa mtandaoni hubisha usiku na mchana wakibahatisha paswadi. Baadae ndo nkagundua kwanini: IP (anwani ya mtandao) tuliyopewa na kampuni ya intaneti inaanza na 100.72, yaani tumewekwa wateja chungu nzima nyuma ya IP moja, ukibisha kutoka nje hakuna wa kukufungulia. Angalia hilo kabla hujamlipa fundi yoyote, jamani.

Nkaifunga ile poti, nkapandisha toleo la RouterOS, mfumo wa rauta yenyewe (Back to Home, huduma ya MikroTik ya kuingia kwenye mtandao wako ukiwa mbali, inataka 7.12 kwenda juu), nkaweka programu ya Back to Home kwa simu nikiwa palepale ofisini, ikatengeneza WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ya kuingia ofisini) yenyewe, alafu nkatoa konfigi, faili la mipangilio yake, nkaitia kwa laptopu. Ikikosa njia ya moja kwa moja inazungukia seva za MikroTik, kwa hivo iko pole, faili kubwa utangoja, lakini mahesabu yanaenda. Bosi alipokubali kulipia IP yetu wenyewe, nkaseti WireGuard ya kawaida na uzito wote ukaisha, sai naona kama nimekaa pale pale kwa meza yangu.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu ya hizo menyu, mtu asiye na wa kumsaidia atalia.

Ah, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta unayofungua kabla Windows haijawaka) kuna mpangilio wa kuifanya kompyuta iwake yenyewe stima ikirudi, uweke. Mi sikuweka. Jumapili iliyopita stima ikapotea, ikarudi, rauta ikaamka vizuri tu, kompyuta ikabaki imelala. Nkavuka feri.