Densiti au funksheni ya wimbi: njia mbili za kukokotoa elektroni
Molekuli ya maji ina elektroni 10, na kila elektroni huhitaji namba 3 kuonyesha mahali ilipo, hivyo funksheni ya wimbi, yaani fomula ya kihisabati inayozieleza zote kwa pamoja, ina vigeu 30 hata kabla ya kuhesabu spini (sifa ya kikwantamu ya elektroni inayofananishwa na kujizungusha). Njia ya klasta fungamani (kwa Kiingereza coupled cluster) huikabili funksheni hiyo moja kwa moja. Njia ya densiti, iliyowekewa msingi na Pierre Hohenberg na Walter Kohn mwaka 1964, hutumia densiti ya elektroni, yaani jinsi elektroni zilivyosongamana katika kila mahali, yenye vigeu 3 tu, molekuli iwe ndogo au kubwa.

Gharama za njia hizi mbili hazikaribiani. Ukubwa wa molekuli ukiongezeka maradufu, kazi ya densiti huongezeka takriban mara 8, ilhali ile ya klasta fungamani, katika kiwango chake kinachoaminiwa zaidi, huongezeka takriban mara 128, kiasi kwamba hata kompyuta kuu kama Frontier ya Marekani huelemewa mapema.

Hata hivyo, densiti ina udhaifu usiofaa kufumbiwa macho: sehemu moja ya nishati ya elektroni hukadiriwa tu, na makadirio ya kawaida hukosea mvutano hafifu, kama ule unaoshikanisha atomu mbili za agoni. Klasta fungamani hupatia hapo, ingawa nayo huyumba kifungo cha kemikali kinapovutwa hadi kukatika. Kwa uso wa kichocheo cha kemikali wenye mamia ya atomu ningechagua densiti bila kusita. Kwa molekuli ndogo ambayo nishati ya mmenyuko wake lazima ijulikane kwa usahihi, klasta fungamani inastahili gharama yake yote.