Vidonge vya bakteria vinavyoahidi utulivu wa akili: wiki 8 za kuvitumia

Nimemaliza wiki 8 nikimeza vidonge vya bakteria rafiki ambavyo lebo yake inaahidi utulivu wa moyo na kumbukumbu kali. Nilipoifungua kapsuli moja juu ya kisahani, ulimwagika unga mweupe wenye harufu hafifu ya maziwa yaliyochacha. Lebo inataja bakteria bilioni 10 katika kila kapsuli na jina Lactobacillus rhamnosus, basi. Herufi na namba za kutambulisha aina mahususi hazipo, na hiyo ndiyo kasoro kubwa, kwa kuwa bakteria wa jina moja hutofautiana sana kitabia, na utafiti hufanywa kwa aina moja moja.

Ahadi yenyewe haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya bakteria wa aina ya JB-1, mmojawapo wa wenye jina hilo hilo la Lactobacillus rhamnosus, wasiwasi wa panya hao ukapungua na homoni yao ya msongo ikashuka. Lakini kwa panya waliokatwa neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, nafuu hiyo haikuonekana. Jaribio hilo nalipenda mno, maana lilionyesha njia ambayo ujumbe hupita. Hata hivyo, bakteria hao hao walipojaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha kuwa walivizidi vidonge vya kulinganishia visivyo na bakteria hao, si katika msongo wala katika kumbukumbu. Kikaratasi kilichomo kwenye boksi kinasimulia habari za panya hao kwa aya mbili nzima. Wanaume hao hakiwataji. Vilevile kinajivunia kwamba takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa utumboni, bila kueleza kuwa serotonini hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo.

Kila usiku niliandika alama ya hali ya moyo, kuanzia 1 hadi 10. Tumbo lilitulia tangu wiki ya 2 na gesi ikapungua, jambo ninaloshukuru kwa dhati. Alama za moyo zilipanda na kushuka kati ya 5 na 7, kama mwezi uliotangulia, na karibu kila penye 7 nilikuwa nimelala vizuri usiku wa kabla yake.

Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa ajili ya vidonge hivi, na mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza. Kwa tumbo navipa nyota 3 kati ya 5. Kwa akili, 1. Nimewaandikia watengenezaji nikiwaomba waitaje aina ya bakteria kwenye lebo, na kabla hawajafanya hivyo sitanunua boksi jingine.