Chumba cha nne nimepata, lakini ukuta wake umeishia njiani

Nimekaa na hasira hii muda mrefu, leo naitoa. Kama unafikiria kugawa sebule ili upate chumba kingine cha kulala, nisome kabla hujatoa hela ya kuanzia.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu: chetu, cha mama mkwe na cha watoto. Watoto wote watatu walilala pamoja tangu wadogo na hapakuwa na neno, mpaka binti yangu mkubwa alipokua. Msichana wa miaka 15 analala na wadogo zake wawili wa kiume, nguo anabadilishia bafuni, kusoma anasomea kitandani wenzake wanarushiana mito. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi.

Kujenga nje hatukuweza. Ila tulikuwa na sebule ndefu, na mwisho wake meza ya chakula ambayo kazi yake ilishakuwa kuwekea nguo za kupiga pasi. Upande ule una dirisha lake, linafunguka nje, pana kiasi cha mtu kutoka pakitokea moto. Kwangu chumba kisicho na dirisha la namna hiyo si cha kulaza mtoto, ni stoo. Nikamwambia mume wangu chumba tunacho, kinachokosekana ni ukuta na mlango.

Tukaita kampuni ya ukarabati, jina naliacha. Nianze na haki yao. Mimi nilitaka wavunje pia ukuta mfupi kati ya sebule na korido ili mlango ukae vizuri. Fundi mmoja kijana akapanda darini na tochi, akashuka na vumbi hadi kwenye kope, akasema, "Mama, huo usiuguse. Mbao za paa zimeulalia." Ukuta unaobeba paa hauvunjwi hivi hivi, lazima kwanza uwekewe boriti ya kupokea mzigo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Angeweza kunyamaza akachukua nyundo. Kijana huyohuyo alishika futi kamba akapima kitanda kabla ya mlango kupachikwa, akaona utakuwa unagonga miguu ya kitanda kila ukifunguliwa, akahamisha bawaba upande wa pili. Rangi imetulia, kona zimenyooka. Ungeniuliza wiki ile, ningewapa maksi zote.

Sasa sikia.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya vyuma vya fremu kuletwa, nilimuuliza msimamizi wao jambo moja. Nikamwambia chumba hiki kinapakana na sebule, mwanangu anasoma, sisi tunakaa hapa hadi usiku na runinga ipo hapa, sauti itakuwaje? Akaniambia, "Hakuna shida, mama. Bodi mbili kila upande, katikati pamba ya kuzuia sauti." Nikamuuliza ukuta utapanda hadi wapi. "Hadi juu, mama. Hakuna shida."

Bodi mbili wameweka, na pamba nimeiona kwa macho yangu ikishindiliwa. Kwa hiyo niliamini.

Haukupita muda binti yangu akahamia. Usiku mmoja mimi na baba yake tulikaa sebuleni, runinga imezimwa, tukaongea kwa sauti ya chini kabisa. Tuliongea habari za hela. Kwamba chumba kimekula akiba yote, kwamba mwezi ule sijui tungeufikishaje mwisho. Maneno ya watu wawili waliochoka, ambayo hakuna mzazi anayetaka mwanawe ayasikie. Asubuhi nimesimama jikoni, binti yangu akaja akasimama pembeni yangu, hanitazami, anachezea kifuniko cha chupa ya chai. Akasema, "Mama, mimi naweza kurudi kulala na wadogo zangu. Msihangaike."

Nilishindwa kumjibu. Alisikia kila neno, kupitia bodi nne na pamba.

Mchana ule niliweka ngazi koridoni, nikainua kile kibao cha darini anakopandia fundi umeme, nikamulika. Ukuta sikuuona. Dari ya sebule na dari ya chumba cha mwanangu ni moja, imenyooka kutoka huku hadi kule, na juu yake ni uwazi mtupu ambao mtoto anaweza kutambaa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukuta wangu wa bodi mbili mbili umeishia chini ya ubao wa dari, kama uzio.

Wasiojua niwaeleze, maana na mimi nilijifunza kwa maumivu. Panapopita hewa, sauti hupita. Ubao wa dari ni mwembamba, sauti inaupenya, inaingia kwenye ule uwazi, inashuka upande wa pili. Hata ukuta uwe mnene namna gani, ukiacha njia juu yake umefanya kazi bure. Ndivyo ilivyo pia kwa soketi mbili zilizopeana mgongo ndani ya ukuta mmoja, na kwa mlango ulioachwa na mwanya chini ambao kidole kinapita. Ukuta wa chumba cha kulala hupandishwa hadi chini ya paa, au hadi kwenye zege kama juu kuna ghorofa, bodi zikakatwa kuzizunguka mbao, mianya ikazibwa. Dari hufuata baadaye, kila upande na yake. Kama dari tayari ipo, inakatwa pale ukuta unapopita. Hayo yote hufanywa kabla ya rangi. Ukikumbuka baada ya rangi, ni kubomoa upya.

Nikampigia msimamizi. Simu ya tatu ndiyo alipokea, na ikachukua siku kadhaa hadi afike. Alipofika hakuniamkia. Alimpita mama mkwe aliyekaa pale mlangoni kama amepita kiti, akaenda moja kwa moja kwa mume wangu, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, akasema, "Mzee, mwelimishe mama. Alitaka chumba, tumempa chumba. Ukimya haukuwemo kwenye makubaliano."

Mume wangu akamwambia, "Mwenye kazi ni yeye. Mjibu yeye."

Hakunijibu. Aliangalia simu yake, akasema ana kazi nyingine inamsubiri, akaondoka. Yule kijana fundi alikuwa amekuja naye. Alibaki nyuma kidogo, akaniambia polepole, "Mama, samahani. Mimi nilimwambia." Akamkimbilia bosi wake.

Kwa hiyo walijua! Hapo ndipo damu yangu inapochemka kila nikikumbuka. Hawakukosea kwa kutojua. Kuna mtu alisema ukuta upande, na kuna mtu aliamua usipande, kwa sababu kukata dari na kuzizungushia bodi mbao za paa ni kazi ya kuchosha, na mama mwenye nyumba hatapanda kuangalia. Nilipanda.

Najua wapo watakaosema niwe muungwana, kazi nyingine wamefanya vizuri. Ni kweli, na nimesema. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kusema waiteni, ila simamieni kwa karibu, na kwenye karatasi pasiandikwe "ukuta wa kugawa" tu, paandikwe ukuta unaishia wapi. Lakini nimefika hapa nimemkumbuka mwanangu na kile kifuniko cha chai. Hapana. Msiwaite. Kama mtampata yule kijana peke yake, mpeni kazi hata kesho. Ila maadamu yule msimamizi ndiye anayeamua kipi kifanywe na kipi kifunikwe na rangi, msiwaite. Mtu anayeulizwa swali na mwenye nyumba akamjibu mume wake hana la kutafuta nyumbani kwa mtu.

Binti yangu hajarudi kule kwa wadogo zake, nilimkatalia. Sisi wazee ndio tuliohama: mazungumzo yetu tunayafanyia nje barazani, na ikifika saa 3 usiku runinga inazimwa. Juzi nilimkuta amebandika ratiba yake ya masomo kwenye ukuta uleule, kwa gundi ya karatasi ili asiharibu rangi.

Malipo ya mwisho wanayadai. Wamepiga simu mara mbili wiki hii. Hela ninayo, nimeiweka kwenye bahasha kabatini, haijapungua hata kidogo. Siku watakayokuja na ngazi, vyuma na bodi, wakapandisha ukuta hadi chini ya paa, na mimi nikapanda na tochi nikauona, watapewa siku hiyohiyo.