Lofrans Tigres ya zamani: usinunue winchi mpya ya nanga kabla hujapima waya

Naandika hii kwa wenzangu wenye boti za tanga na za kutembeza wageni, Unguja, Pemba, Tanga, Dar mpaka Kilifi huko, manake boti nyingi zilizokuja toka Ulaya zimekaa na winchi za nanga za umeme za zamani na kila mara nasikia mtu anasema yangu imekufa, nataka kuitoa niweke mpya. Mpya ya ukubwa huu inazidi dola 1000 kabla ya usafiri na ushuru, kwahiyo tulia kwanza.

Ya kwetu ni Lofrans Tigres, ya Kiitaliano, ile ya kulala, bodi ya alumini, volti 12, mota ya wati 1000, na mnyororo wetu ni wa mm 10. Ipo pale omo miaka yote inapigwa na maji ya chumvi, msimu wa kusi ndo usiseme. Nimeifungua mpaka nati ya mwisho nikaisafisha nikairudisha, na kiukweli ni mashine nzuri sana. Gia zake zinaogelea ndani ya oili, klachi unailegeza kwa wenzo mnyororo unashuka wenyewe, na umeme ukigoma wenzo huohuo unavutia kwa mkono, polepole ila nanga inapanda. Hicho cha mwisho peke yake kwangu kinatosha kuipa alama zote, maana mnyororo wa mm 10 una kilo 2 na ushee kwa mita, ukiwa umening'iniza mita 40 ni kilo karibu 90 na nanga bado hujaihesabu, nani anavuta hiyo kwa mikono mitupu na mawimbi yanakuja.

Sasa ugonjwa wake. Ukikanyaga swichi inavuta mita chache inachoka, mnyororo ukikaza inasimama kabisa, na ukigusa waya karibu na sanduku la solenoidi, ile swichi kubwa ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, unaungua vidole. Tukamwita fundi mmoja wa kusuka mota, akasema hapohapo mota imeungua ndani, isukwe upya. Hakutoa hata mita ya kupimia umeme. Hili jambo linaniuma sana kwasababu wenye boti wanalipa pesa nyingi kusukiwa mota nzima, halafu inarudishwa kwenye waya uleule mbovu na inachoka vilevile, wanaambiwa basi nunua mpya.

Wati 1000 kwa volti 12 hesabu yake ni amp 80 na kitu, mzigo ukizidi inapita hapo. Kwa umeme wa namna hiyo waya ndo kila kitu. Betri zetu zipo nyuma karibu na injini na winchi ipo omo, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, kwahiyo ni mita 20 za shaba. Waya wa mm 16 za mraba hata uwe mpya kabisa, kwa amp 100 unakula zaidi ya volti 2 njiani. Wa mm 50 za mraba unakula kama volti 0.7 tu. Yaani mtu kafunga waya mwembamba kuokoa pesa, mota inapewa volti 9 au 10, inazunguka kivivu, inachukua muda mrefu kwenye mzigo, inapata moto, halafu lawama inabeba mota.

Kupima ni rahisi na mita ya bei ya chini inatosha. Mwenzako akanyage swichi winchi ikiwa inavuta kweli, sio ikizunguka bure, wewe soma volti kwenye vichwa vya betri halafu nenda kasome pale mota inapoingia waya. Sisi betri ilisoma 12.1, kwenye mota 8.9. Volti 3 zimeliwa njiani! Hapo ndo unaanza kuitafuta sehemu, unaweka ncha moja ya mita huku na nyingine kule ya kila kiungo, kimoja kimoja, mzigo ukiwepo. Kiungo kizima kinaonyesha karibu na sifuri. Chetu cha negative nyuma ya solenoidi kilionyesha volti 1 nzima, na volti 1 kwa amp 100 ni wati 100 za joto kwenye kiungo kimoja, ndo maana kilikuwa kinaunguza. Nikakifungua, lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, kwa nje inang'aa safi kabisa ungesema imefungwa jana, nilipochana plastiki ya waya ndani nyuzi za shaba zimekuwa unga wa kijani, zilizobaki zimeshika ni chache za katikati. Ukikata mbele kidogo bado nyeusi, ukikata tena bado nyeusi, chumvi ilikuwa imeshapanda ndani ya waya. Huo hausafishwi, unatolewa wote. Weka waya wa shaba uliopakwa bati, lagi ikandamizwe kwa mashine yake sio kwa nyundo, na uvalishe plastiki ile yenye gundi inayosinyaa kwa moto.

Solenoidi yenyewe, sikiliza mlio. Ukikanyaga ikapiga tak na mota haiendi, angalia waya mkubwa na vile vibati vya ndani, mara nyingi vimeungua. Isipopiga kabisa usihangaike na waya mkubwa, tatizo huwa lipo kwenye swichi ya mguu, waya wake mwembamba au koili ya solenoidi yenyewe, na mara nyingi ni kofia ya mpira ya swichi imepasuka maji yameingia. Kuna watu wanaweka solenoidi za winchi za magari ya porini, zinapatikana kirahisi na zinafanya kazi, lakini hazikutengenezwa kwa chumvi. Ukiitumia iweke ndani kabisa sehemu kavu, sio kwenye shimo la mnyororo kama nilivyoona kwenye boti fulani.

Mota niliifungua pia, haikuwa imeungua popote. Brashi za kaboni zilikuwa zimeisha na oili kidogo ilikuwa imepita kutoka kwenye gia, sili ya mpira imezeeka, na sili yoyote ya umri ule itazeeka. Hapa usiagize Ulaya haraka. Sili ina namba zimeandikwa ubavuni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, unaenda nazo kwenye maduka ya Gerezani au Kariakoo, Dar, unapewa ileile. Brashi za stata ya gari zinaweza kusuguliwa zikaingia, ilimradi chemchemi inazisukuma vizuri na hazikwami. Shaba ya amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, pale brashi zinapogusa, isafishe kwa msasa laini wa kawaida, ule wa kusugulia chuma usitumie maana vumbi lake linapitisha umeme, na vijia kati ya vipande vya shaba vikwangue taratibu.

Oili ya gia tumeweka namba 90. Ile ya zamani ilitoka rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia, ikabidi tuoshe ndani mpaka ikatoka safi. Kazi ngumu kuliko zote zilikuwa bolti, chuma cha pua ndani ya alumini kwenye chumvi vinashikana vibaya mno. Usilazimishe utakata kichwa. Mwagia oili ya kupenya, acha ilale, pasha moto alumini, gonga kidogo, rudia. Ukirudisha paka girisi nzito kila uzi.

Na jamani winchi sio injini ya boti. Washa injini, sogea taratibu juu ya nanga, winchi iokote mnyororo uliolegea, na altaneta iko inasaidia betri. Nanga ikiwa imekwama kwenye mwamba funga mnyororo kwenye nguzo uing'oe kwa injini, usiendelee kukanyaga swichi.

Ningesema uitupe pale tu bodi ya alumini imeliwa mpaka imepasuka miguuni, au gurudumu linaloshika mnyororo limelika mnyororo unaruka na gurudumu lingine la saizi yako hulipati. Mengine yote yanatengenezeka.