Kuchoma chokaa na kuimwagia maji: entropia inaamua wapi?

Mafundi wa pwani walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa, kisha wakaimwagia maji. Hatua hizi mbili zinasukumwa na sababu zinazokinzana, na sijui mfano bora kuliko huu wa kufundishia entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati na chembe zilivyotawanyika.

Kuchoma kunameza joto: takriban kilojouli 178 kwa kila moli (kipimo cha wingi wa chembe) ya kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe hilo. Kwa joto peke yake, jiwe lisingevunjika. Lakini gesi ya kaboni dioksidi inapotoka na kutawanyika, entropia hupanda kwa jouli 160 hivi kwa kelvini. Izidishe kwa halijoto ya kelvini: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi haifui dafu, ila ikipita takriban nyuzi 840 inalizidi joto lililomezwa.

Kumwagia maji ni kinyume. Maji yanafungwa ndani ya kigumu, entropia ya chokaa na maji inashuka kwa jouli 26 hivi kwa kelvini. Hata hivyo mmenyuko unakwenda wenyewe, tena kwa ukali, maana kilojouli 65 zinazotoka huongeza entropia ya mazingira kwa zaidi ya jouli 200 kwa kelvini. Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanapima kilichomo ndani ya chombo tu, wanasahau hewa na kuta zinazokizunguka.