Masta ya wikendi ya mabadiliko ya taasisi na uwezeshaji wa vikundi, Arusha: ada imechangamka, ila kuna kitu humo ndani

Kuna watu kazini na mtaani wananiuliza kila siku kama ile masta ya wikendi ya mabadiliko ya taasisi na uwezeshaji wa vikundi (yaani kuongoza kikundi kijadili na kuamua chenyewe) inayofundishwa hapa Arusha ina maana yoyote au ni kuliana hela tu, sasa mimi nimeimaliza, nimeona bora niandike mara moja kwa kirefu. Jina la chuo siliweki, kwa sababu kuna sehemu nitawasema, na wenyewe nimeshawafikishia haya haya ofisini kwao. Jibu la haraka: inalipa, lakini inamlipa mtu mwenye kikundi cha watu halisi pale kazini kwake na bosi aliye tayari kumwachia mlango wazi. Kama unatafuta karatasi ya kupandia daraja, karatasi utaipata, ila kuna masta za bei rahisi zaidi mjini na hazitakusumbua kiasi hicho.

Utaratibu wenyewe ni Ijumaa jioni, Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka mchana, mara moja kwa mwezi, katikati hapo unasoma mwenyewe na kufanya kazi ya vitendo ofisini kwako. Sisi tunaotoka Moshi ni kama kilomita 80, unatoka kazini unadandia Kosta, inasimama Boma Ng'ombe inajaza tena, ukifika Usa River na Tengeru giza limeshaingia na foleni ndiyo kwanza inaanza. Ushauri wangu msipange kurudi Moshi Jumamosi usiku, tafuteni gesti ya kawaida karibu na chuo na hiyo hela muihesabu kabisa kwenye bajeti pamoja na nauli na chakula, maana ada wanakuruhusu kulipa kwa awamu lakini hivi vidogo vidogo ndivyo vinavyomaliza mtu.

Walioko darasani ni watu wazima wenye kazi zao, kuna wauguzi, mhasibu wa SACCOS, watu wa mashirika, mmoja wa hifadhi, meneja wa kampuni ya utalii, mwalimu mkuu. Hiyo peke yake ni nusu ya elimu.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nisijute. Mwanzoni kabisa mwa programu kuna kipindi mwalimu aliingia, hana projekta hana karatasi, akavuta kiti akakaa kwenye duara kama sisi, akasema tuna saa moja na nusu na kazi yetu ni kuangalia kinachotokea kati yetu, akanyamaza. Jamani ukimya ule. Watu wanaangalia simu, mwingine anakohoa, mpaka meneja wa utalii akasema jamani napendekeza tuchague mwenyekiti na katibu ili kikao kiende, watu wote wakashusha pumzi, mwenyekiti akapatikana palepale (yeye mwenyewe), katibu akapewa dada mdogo kuliko wote mle ndani. Tukaanza kujadili ajenda ya kutunga tu. Baadaye mwalimu akauliza swali moja, nani ameona kilichotokea? Kimya. Yule dada ndiyo akasema, taratibu tu, "Kaka zangu na dada zangu, mmenipa ukatibu kabla hamjaniuliza hata jina." Hakuna aliyecheka. Tulikaa na hilo jambo mpaka jioni, nani anasemaga kwanza, nani anapewa kalamu, kwa nini sote tuliona ni sawa, na mimi kama afisa utumishi niliyekaa kwenye vikao maisha yangu yote sikuwahi kuona mtu akilitazama hilo usoni namna ile.

Mbinu hii ina historia yake na walitufundisha vizuri. Mwaka 1946 huko Connecticut, Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walikuwa wanaendesha mafunzo, na jioni watafiti walikuwa wanakaa peke yao kujadili walivyowaona washiriki mchana. Baadhi ya washiriki wakaomba kuingia kusikiliza, wakaruhusiwa, wakasikia wanavyozungumzwa, wakaanza kubisha na kusema hapana mimi sikumaanisha hivyo, na hapo ikaonekana kwamba mtu akirudishiwa picha ya alichokifanya muda uleule, na yeye yupo, anajifunza kuliko kwenye lekcha yoyote. Lewin akafariki Februari 1947 na kiangazi cha mwaka huohuo wenzake wakaanzisha mafunzo ya namna hiyo Bethel, Maine. Ndiyo asili ya vile vikundi vya kukaa kwenye duara. Kinachochosha watu wengine ni kwamba hakuna majibu, na kuna mwenzetu aliacha programu kwa sababu hiyo, alisema hakulipa ada aje kukaa kimya. Mimi namuelewa, ila sikubaliani naye hata kidogo.

Kitu cha pili na kwangu ndicho kikubwa zaidi ni mradi wa kazini. Unatakiwa uchukue badiliko moja linalokwama kwenye taasisi yako na ulifanyie kazi na kikundi, na mwalimu anakuja kukuona ukiendesha. Mimi niko kwenye hospitali moja Moshi na sisi tulikuwa tunahama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na uongozi ulikuwa umeshaamua kwamba tatizo ni watu wa chumba cha mafaili, hasa mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, kwamba hawataki mabadiliko. Barua za onyo zilikuwa zinachapwa.

Hapa ndipo Lewin alinisaidia. Ana wazo kwamba hali iliyopo imeshikwa na nguvu mbili, zinazosukuma na zinazozuia, ukiongeza kusukuma bila kugusa kinachozuia unaongeza msuguano tu na watu wanaumia, bora uanze kupunguza kinachozuia. Rahisi kuelewa na ngumu kufanya, kwa sababu mabosi wetu wengi wanachojua ni kusukuma, memo, onyo, semina, onyo tena. Nikaomba watu wa mapokezi, mafaili, makeshia na wauguzi wa OPD (wagonjwa wa nje) wakae pamoja mchana mmoja, hakuna meza kuu, hakuna hotuba ya ufunguzi, kila mtu akapewa vikaratasi na makapeni akaandika peke yake kwanza bila jina, ndiyo tukabandika ukutani. Kuandika kabla ya kusema ni kitu kidogo lakini kinabadilisha nani anasikika.

Vikaratasi vikaanza kusomwa. Kimoja kiliandikwa paswedi ya kusajili mgonjwa mpya anayo mtu mmoja na akienda kula tunamsubiri. Kingine, kompyuta iko nyuma ya kaunta mgonjwa akisema jina hatusikiani. Halafu yule mzee akasimama mwenyewe bila kuitwa, nikamwambia shikamoo mzee wangu karibu, akaitikia, akasema hivi: huku kwetu kina Massawe, Mushi, Kimaro, Shayo wamejaa, unaandika jina kwenye mfumo yanakuja majina yanayofanana chungu nzima, mimi kwenye karatasi natofautisha kwa kijiji, huyu wa Kibosho, huyu wa Machame, huyu wa Rombo, kwenye kompyuta kijiji hakionekani mpaka ufungue kila faili, na mimi naogopa kumpelekea daktari faili la mtu mwingine. Yaani muda wote ule walikuwa wanasema anapinga teknolojia, kumbe alikuwa analinda wagonjwa. Fundi wa mfumo alikuwepo palepale kwenye kikundi, akasema kuonyesha kijiji kwenye orodha ya kutafutia inawezekana. Ikafanyika. Barua za onyo ziliishia kwenye droo.

Ningekuwa nimesoma kwenye slaidi tu nisingeweza. Mwalimu alikaa pembeni siku ile, na baadaye aliniambia kwamba kila mara muuguzi mkuu alipoongea mimi niligeuka kumtazama na kikundi chote kikageuka na mimi. Mrejesho wa namna hiyo, wa kitu alichokiona kwa macho, ndiyo hela yangu ilikokwenda na naona ilienda pazuri.

Sasa lawama. Ya kwanza inaniuma kweli. Karibu kila jina kwenye silabasi linatoka Marekani. Kotter na hatua zake nane za kuleta mabadiliko kwenye taasisi, sawa, Tuckman wa 1965 na hatua za kikundi kuanzia kufahamiana mpaka kugombana mpaka kufanya kazi, sawa, David Cooperrider na kuanza na kinachofanya kazi vizuri badala ya kuanza na shida, hiyo naipenda sana. Harrison Owen na mikutano ya wazi ya 1985, ambapo watu wanapanga ajenda wenyewe na ukiona hujifunzi wala huchangii unahama kwa miguu yako kwenda kundi lingine, nayo nzuri, na mwenyewe alieleza kwamba alijifunza mengi kwenye kijiji kimoja huko Liberia. Lakini sisi je? Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kujadiliana na kwenda kuchimba vyoo, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa makumi ya maelfu. Hiyo ni kazi ya uwezeshaji kuliko kitu chochote tulichosoma! Na utafiti shirikishi, yaani ule ambao wananchi wenyewe wanashiriki kuufanya, ambao leo mashirika yanauleta kama kitu kipya, ulikuzwa sana pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na watafiti kina Marja-Liisa Swantz na Budd Hall. Haya niliyakuta nikisoma mwenyewe. Moshi hapo kuna chuo cha ushirika tangu 1963 na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, ina maana wakulima wa kahawa wamekuwa wakibishana kwenye mikutano yao kwa zaidi ya miaka 90, halafu mfano tunaopewa darasani ni kiwanda cha Ohio. Hapana. Walimu wabadilishe.

Ya pili, hawagusi posho. Mtu yeyote aliyeendesha semina Tanzania anajua kwamba kikundi kinachokuja kwa ajili ya posho kinaongea tofauti na kilichokuja kwa ajili ya shida yake, watakubali kila kitu ili fomu ya kusaini ifike. Na mgeni rasmi anakuja amechelewa, anakula saa nzima ya ratiba, anaondoka. Haya ndiyo mazingira yetu ya kazi na yalistahili wikendi nzima, sisi tulipata dakika chache za mapumziko ya chai.

Usimamizi wa tasnifu nao ni dhaifu, msimamizi wangu alikuwa anakaa na sura moja ya tasnifu yangu wiki nyingi bila kujibu na muhula ukiisha unalipa tena ada ya kuendelea, hili naliona si haki kwa mtu anayelipa kutoka kwenye mshahara. Dai kwa maandishi, mapema, nakala kwa mkuu wa idara. Intaneti ya chuo ni ya kusuasua, nunua kifurushi chako.

Kuna watu wanauliza kwa nini wasichukue kozi fupi ya uwezeshaji ya siku chache. Kama shida yako ni kujua mbinu, vikaratasi, kupanga viti, kuuliza maswali kwa mpangilio, kozi fupi inatosha kabisa na usitumie miaka miwili. Masta inakufaa kama unataka kujifunza kujiona wewe mwenyewe ukiwa mbele ya watu, na hilo halifanyiki kwa siku tatu.

Kabla hujalipa chochote, mambo ya kufanya: muulize mratibu kama mwalimu anakuja kweli kukuona ukiendesha kikundi kazini au anasoma ripoti tu, maana ni hapo programu inaposimama au kuanguka. Omba kukaa kwenye kipindi kimoja cha duara bure, sisi tuliwaruhusu wageni na haikuleta shida. Kama programu ina mkono wa chuo cha nje, nenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ukathibitishe shahada inatambulika, usiridhike na maneno ya kwenye bango. Na ongea na bosi wako kwanza, akuandikie barua kwamba utapewa kikundi na badiliko la kufanyia kazi, kwa sababu wenzetu wawili walikosa hiyo ruhusa katikati ya mwaka wa pili, wakaishia kufanya mradi kwenye kwaya ya kanisa, na mpaka naandika hapa bado wanasubiri kujua kama utakubaliwa.